Samaki Mwenye Jina la Mwalimu

Kuna samaki aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei, na alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi mwaka 1985, kutokana na samaki waliovuliwa hapa hapa kwetu, Ghuba ya Mwanza. Ni mdogo, anaenea kwenye kiganja. Dume aliyekomaa ana mgongo mwekundu uliokoza, ubavu wa manjano, na mistari myeusi inayoteremka hadi tumboni. Hana asili mahali pengine popote duniani isipokuwa Ziwa Victoria. Ulaya na Marekani wapo watu wanaomfuga sebuleni ndani ya matangi ya kioo, wanamlisha kwa ratiba na kuuziana vifaranga vyake.

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Mwanza. Kila ninapopokea darasa jipya huuliza nani anamjua samaki huyu, na bado sijaona mkono ukinyooshwa. Nikiuliza faru, darasa zima linapiga kelele, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga Serengeti. Faru wanamjua kwa sababu tangu wakiwa wadogo wamemwona kwenye noti, kwenye vitabu, kwenye kalenda za ukutani. Yule wa ziwani, ambaye pengine yuko mita chache kutoka kwenye jiwe wanalokalia jioni wakipunga upepo, hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

Kwa watu wengi wa kanda hii yeye ni furu tu, na furu ni samaki wa chambo. Ni mdogo, ana miba, thamani yake sokoni haipo. Wazee wanakumbuka zamani furu akichomekwa kwenye vijiti, akikaushwa juani na kuuzwa kwa mafungu kwa wale wasiomudu samaki mkubwa. Siku hizi anaonekana zaidi kwenye migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, akining'inia kumsubiri sangara.

Lakini neno hilo moja limebeba viumbe zaidi ya 500. Ndiyo, aina zaidi ya 500 za furu zilikuwa ziwani humu, karibu zote hazina kwao kwingine. Kila aina ilikuwa na kazi yake. Wapo waliokwangua mwani kwenye miamba, waliovunja konokono kwa meno ya kooni, waliokula wadudu wa matopeni, waliofuata uduvi, waliowinda samaki wenzao. Wapo waliokula magamba ya wengine. Wapo hata waliokuwa wakiwavamia majike wa furu wengine na kuwanyang'anya mayai na vitoto walivyovificha mdomoni. Na haya yote yametokea ndani ya muda mfupi mno kwa hesabu za dunia, kwa sababu ushahidi wa matope ya chini ya ziwa unaonyesha kuwa Ziwa Victoria lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita na kujaa upya. Wanasayansi hawajui kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililogawanyika katika aina nyingi kiasi hicho kwa kasi kama hiyo. Ajabu hiyo ya dunia iko Kirumba, iko Igombe, iko Ukerewe, iko Sengerema. Nikiwaambia wanafunzi hivi huwa wanatazamana kwanza, kama wanaodhani nawatania.

Karibu mwaka 1970, utafiti wa ziwa zima uliofanywa kwa nyavu za kukokota ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa ulikuwa furu. Walikuwa wengi kiasi kwamba katika miaka hiyo ya 1970 hapa Mwanza kilijengwa kiwanda cha kuwasaga wawe unga wa kulishia mifugo. Baada ya hapo, ndani ya miaka michache ya 1980, wakatoweka sehemu kubwa ya ziwa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wamepiga kambi Mwanza tangu mwaka 1977 wakiwachunguza furu. Walikuwa wakishusha nyavu sehemu zile zile za ghuba, na wakaona kwa macho yao jinsi wavu ulivyokuwa ukipanda na furu wachache zaidi, kisha wachache zaidi, kisha bila furu kabisa. Inakadiriwa kuwa aina kama 200 zilipotea au zilibaki chache mno zisionekane. Nyingi zilikuwa hata hazijapewa jina.

Aliyewamaliza kwa haraka anajulikana. Sangara hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliingizwa na watu upande wa Uganda miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapandikizwa waziwazi Entebbe na Kisumu. Ni samaki anayeweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, na jike mmoja hutaga mayai mamilioni. Furu jike anataga makumi machache tu na kuyalea mdomoni. Onyo lilikuwepo mapema. Mwingereza Michael Graham, aliyefanya utafiti wa uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928, aliandika kwamba kuleta humu samaki mkubwa mla wenzake kungekuwa hatari kubwa mno, labda kama utatangulia utafiti wa kina. Walioamua walisoma, wakaweka kando.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke hapa akimchukia sangara. Watoto wengi wa kanda hii, na mimi nikiwemo, tumelipiwa ada kwa fedha ya sangara. Viwanda vya minofu vilileta ajira, na hata mapanki (mifupa inayobaki baada ya minofu) na mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) vimejenga nyumba. Mtu akija mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kuhubiri kwamba sangara ni laana, atakuwa hajui anazungumza na nani. Ukweli unaotakiwa kusemwa ni kwamba uamuzi ule ulifanywa ofisini na watu wasioishi kando ya ziwa, gharama yake wakailipa viumbe wasio na mtetezi na wavuvi wadogo waliokuwa na nyavu za kuvulia samaki wa asili. Uamuzi wa namna hiyo unaweza kufanywa tena kesho. Ndiyo maana nataka watu wajue.

Furu hawakuondoka peke yao. Ngege na mbiru, hawa ni jamii ya perege wa asili wa ziwa hili. Ukienda leo mwaloni Kirumba ukaulizia ngege, muuzaji kijana atakuonyesha sato bila kusita. Sato naye aliletwa miaka ya 1950, akawashinda ngege kwa kukua haraka na kugombea sehemu za kuzalia, na pale wanapokutana wanazaliana wenyewe kwa wenyewe hata damu ya ngege ikawa inamezwa. Kabla ya sato, ngege alikuwa tayari ameumizwa na nyavu za makila, zinazotegwa majini samaki akanasa mwenyewe, zilizoingia ziwani mwaka 1905. Graham alipendekeza tundu la wavu lisipungue inchi 5 ili ngege apate kukua, sheria ikatungwa mwaka 1933, baadaye ikalegezwa. Yupo pia ningu. Huyu huishi ziwani, lakini mvua zikinyesha hupanda mito, Kagera, Mara, Nzoia, Sondu, akataga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Watu walijua njia yake na majira yake, wakatega nyavu midomoni mwa mito wakati ule ule anapopita akiwa na mayai. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeanguka.

Ngege, mbiru, ningu. Wote watatu wako kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Tathmini ya bonde la Ziwa Victoria iliyotolewa na shirika hilo mwaka 2018 iliangalia aina 204 za viumbe wa maji baridi wasiopatikana popote ila katika bonde hili, samaki, konokono, kaa, kereng'ende na mimea, ikakuta asilimia 76 zinakabiliwa na hatari ya kutoweka. Duniani kote, utafiti uliochapishwa Januari 2025 ulionyesha kuwa karibu robo ya samaki wa maji baridi, kaa na kamba wa maji baridi, na kereng'ende wako hatarini. Robo kwa dunia, robo tatu kwa viumbe wasiopatikana popote ila katika bonde letu. Mtu akiniuliza kwa nini nimeshikilia jambo hili, huwa namtajia namba hizi mbili.

Sasa nirudi kwa samaki wa Mwalimu, maana kisa chake ndicho kinachonikaa moyoni kuliko vyote.

Katika Ghuba ya Mwanza kuna visiwa vya mawe. Makobe kiko kuelekea ziwa kuu, maji yake ni maangavu. Ukiingia ndani ya ghuba unakutana na visiwa vya Python, kisha Kissenda, kisha Luanso, na kadiri unavyoingia ndani maji yanazidi kuwa ya tope. Kwenye miamba hiyo anaishi nyererei mwekundu, na ndugu yake wa karibu sana, Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa rangi ya samawati. Wa samawati hukaa juu juu kwenye mwanga mwingi. Mwekundu hukaa chini kidogo, ambako mwanga unaofika umeegemea wekundu. Majike wa hawa wawili wanafanana mno. Jike humchagua dume kwa rangi, na macho ya kila upande yamezoea mwanga wa kina chake. Makobe, kwenye maji maangavu, hizi ni aina mbili kamili na hazichanganyiki. Luanso, kwenye maji ya tope, jike haoni vizuri tofauti ya nyekundu na samawati. Anachukua dume yeyote. Matokeo yake pale Luanso hakuna aina mbili. Kuna mchanganyiko mmoja wa samaki wa rangi iliyofifia.

Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha jambo hili mwaka 1997, na baadaye wakalichunguza kisiwa kwa kisiwa. Tafakari maana yake. Unaweza kummaliza mnyama bila kumvua hata mmoja. Udongo unaomomoka kutoka mashambani na kwenye vilima vilivyokatwa miti, majitaka ya mji, mbolea inayolisha mwani hadi ziwa linageuka kijani, vyote hivyo vinaziba mwanga, na mwanga ukiziba ndoa zinavurugika. Hapo hakuna kokoro, ule wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, la kuchomwa moto, wala mtu wa kukamatwa. Yule anayelima hadi ukingoni mwa mto mahali fulani Magu au Misungwi hana habari kwamba jembe lake linafika hadi kwenye macho ya samaki.

Ndiyo maana elimu tunayotoa hainiridhishi. Nimehudhuria maadhimisho mengi. Kuna fulana na kofia, kuna hotuba, kuna bango la "Tunza mazingira yakutunze", wanafunzi wanaimba ngonjera, na siku nzima inaisha bila kiumbe hata mmoja wa ziwani kutajwa kwa jina. Upande wa wavuvi ni hivyo hivyo. Wanaitwa mkutanoni kuambiwa kokoro ni haramu, timba ni haramu, nyavu za tundu dogo ni haramu, na zinapokamatwa zinachomwa hadharani. Mimi naunga mkono sheria hizo. Kokoro linakwangua fukwe ambako samaki wanalelea, na halipaswi kuwepo. Lakini mvuvi anayeondoka mkutanoni akiwa amejifunza kilichokatazwa tu, bila kuonyeshwa anayelindwa, ataliona katazo kama uonevu, na akipata nafasi usiku ataingia.

Niliyoyaona kwenye beseni moja yalinifundisha zaidi ya mikutano yote. Niliwapeleka wanafunzi kwenye mwalo mmoja nje kidogo ya mji. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ametenga ndoo ya furu hai kwa ajili ya migonzo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mbona leo umekuja na shule nzima?"

Nikamwomba atuazime furu wachache. Tukawatia kwenye beseni jeupe lenye maji masafi, wanafunzi wakainama kulizunguka. Alikuwepo jike mmoja wa rangi ya majivu, hana urembo wowote, ila kidevu chake kilikuwa kimevimba na mdomo ameufumba kabisa, hata kuhema alihema kwa shida. Nikawaambia wanyamaze na wasimguse. Baada ya muda akafungua mdomo na kutema. Vikatoka vitoto vyenye urefu wa punje ya mchele, vyote macho, vikasambaa kwenye beseni na papo hapo vikaanza kujikusanya tena chini ya kidevu cha mama yao.

"Mwalimu, anatapika watoto!" mtoto mmoja akapaza sauti.

Nikaeleza. Huwabeba mdomoni tangu wakiwa mayai, kwa wiki kadhaa, na muda huo hali au anakula kidogo sana. Akivutwa kwa wavu anaogopa, anawatema, nao wanaishia mchangani au midomoni mwa ndege. Wasichana wawili walikaa pale hadi wenzao wakawaita. Nilimgeukia mzee nikamuuliza kama alikuwa akijua.

"Nawaona kila siku, mwalimu. Tangu naanza kuvua na baba yangu nawaona. Ila hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Kisha akaanza kutusomesha yeye. Akatuonyesha furu wa mawe na furu wa mchanga, akatuambia nani anatoka usiku na nani mchana, nani huonekana maji yakiwa yametulia. Akatuambia alikuwepo mmoja mwenye midomo minene, iliyovimba, na kwamba hajamtia machoni kwa muda mrefu. Wanaosoma vitabu vya furu watamjua huyo. Yupo Haplochromis chilotes, mwenye midomo ya nyama, anayeibana kwenye nyufa za mawe na kuvuta wadudu waliojificha humo. Mzee yule hajawahi kusoma jina hilo, lakini taarifa aliyotupa, kwamba alikuwepo na sasa haonekani, ndiyo aina ya taarifa ambayo watafiti husafiri kutoka mbali kuitafuta.

Tangu hapo nimeshikilia msimamo mmoja. Elimu ya kuwalinda wanyama wa maji baridi ianze na mnyama mwenyewe, akiwa hai, mbele ya macho ya watu wanaoishi naye, na anayefundisha awe tayari kuulizia kabla ya kueleza. Mvuvi, mama anayenunua samaki alfajiri pale mwaloni, kijana wa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa mwalo), mtoto anayechota maji, hawa wana maarifa ambayo hayajaandikwa. Akina mama wachuuzi hasa tumewasahau. Mvuvi anaona samaki wa chombo chake tu, mchuuzi anaona wa vyombo vyote. Yeye ndiye wa kwanza kujua samaki fulani amepungua, na yeye ndiye akikataa kununua samaki mchanga, siku hiyo hiyo mwalo mzima unajua.

Na kuna hoja zinazoeleweka haraka zaidi kuliko uzuri wa samaki. Kichocho, kwa mfano. Hakuna familia kandokando ya ziwa hili isiyojua kichocho. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini kabla ya kumwingia binadamu. Miongoni mwa furu waliopungua sana ni wale walao konokono. Sisemi kwamba furu peke yake angemaliza kichocho, dawa na vyoo vina kazi yake. Lakini mzazi akisikia kwamba kuna samaki aliyekuwa akivunja konokono wa kichocho kwa meno ya kooni, na kwamba samaki huyo tunamchokonoa kwa kokoro pale pale watoto wanapoogelea, anakaa vizuri kusikiliza.

Wapo wanaoniambia nimechelewa, walioondoka wameondoka. Wapo walioondoka kweli, na inauma. Lakini ziwa lina ukaidi wake. Sangara alipovuliwa kwa wingi na kupungua miaka ya 1990, baadhi ya furu wakarudi. Mmoja wao, Haplochromis pyrrhocephalus, alirudi akiwa amebadilika: matamvua yake yalikuwa yamepanuka kwa zaidi ya nusu ili aweze kuhema kwenye maji yaliyopungukiwa oksijeni, na chakula chake kilikuwa kimebadilika, anakula mawindo makubwa kuliko zamani. Yote hayo ndani ya miaka isiyozidi 30.

Ngege naye hajaisha. Yuko Ziwa Kanyaboli, Siaya, Kenya, ndani ya eneo oevu la Yala. Yuko kwenye vijiziwa vya jirani na Nabugabo, Uganda, na kwenye baadhi ya vijiziwa na mabwawa upande wetu wa Kagera na Mara. Amepona huko kwa sababu ya mafunjo. Ndani ya mafunjo maji hayana oksijeni ya kutosha. Sangara hawezi kukaa humo, samaki wa asili wengi wanavumilia, na kamongo, ambaye anahema hewa ya juu, ndiyo nyumbani kwake kabisa. Kwa hiyo kila ekari ya mafunjo inayochomwa au kukaushwa ili palimwe ni ukuta unaobomolewa kati ya sangara na wale waliobaki. Yala imeshakatwa vipande kwa ajili ya kilimo. Kwetu, mafunjo ya mabondeni yanafyekwa kila kiangazi, na anayefyeka anadhani anasafisha pori.

Nchi hii imewahi kufanya vizuri kwa kiumbe mdogo kuliko furu. Chura wa Kihansi alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo moja tu milimani Udzungwa, eneo lisilozidi hekta chache. Anaenea juu ya ukucha wa kidole gumba, na huzaa vitoto kamili bila kupitia kiluwiluwi. Aligunduliwa mwaka 1996 wakati mradi wa umeme wa maji unaendelea. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo manyunyu yakakatika, na mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani kuzalishwa. Kule Kihansi wakaisha. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Lakini korongo likawekewa mabomba ya kunyunyiza maji, vyura waliozalishwa ugenini wakarudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Kazi yao haijaisha, ugonjwa wa ukungu bado ni tishio. Ila chura yule alipata mabomba kwa sababu wapo watu waliokataa kunyamaza, wakamtaja, wakamwonyesha, wakamdai. Ningu hajapata hata bango.

Kwa hiyo niseme ninachokidai. Kwanza vizimba. Ufugaji wa sato kwenye vizimba unakua haraka ziwani, na naona faida yake kwa vijana. Lakini yeyote asithubutu kuchukua sato au vifaranga vyake na kuvimwaga kwenye kijiziwa au bwawa lenye ngege, hata kwa nia njema ya kuwapa wanakijiji kitoweo. Hilo ndilo kosa la miaka ya 1950, na likifanyika kwenye kijiziwa kidogo halirekebishiki. Maofisa uvuvi wa kata walifanye jambo hili la kwanza katika mikutano yao. Pili, midomo ya mito ipumzishwe kabisa wakati wa masika, ningu wapande. Miezi yake wazee wa kila mto wanaijua, waulizwe, iandikwe kwenye sheria ndogo za vijiji.

Na tatu, Saanane. Kisiwa kile kiko dakika chache kwa boti kutoka katikati ya jiji, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na kimezungukwa na miamba, ambayo ndiyo makao ya furu wa mawe. Wageni na wanafunzi wanaenda kuona wanyama wa nchi kavu. Natamani siku moja pale pawekwe tangi moja kubwa la kioo lenye maji maangavu, ndani yake nyererei mwekundu na ndugu yake wa samawati, pembeni yake tangi la pili lenye maji ya tope, na mtoto wa Mwanza asimame katikati aangalie mwenyewe.

Wakati tunasubiri hilo, shuleni kwetu tumeanza daftari. Mwanafunzi anayeishi kando ya ziwa anaandika jina la samaki kama anavyoitwa nyumbani kwao, iwe Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kiluo au Kihaya, aliyemwambia ni nani kwake, babu, shangazi au jirani, samaki huyo alikuwa akionekana wapi, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa lini. Mwenye simu anapiga picha ubavuni, mapezi yakiwa yamekunjuliwa, kabla rangi haijapotea, maana furu akifa rangi yake hufifia haraka. Ukurasa wa ningu una maelezo mengi kuliko tulivyotarajia, karibu yote ya bibi na babu. Nikipata shule nyingine tatu au nne, za Ukerewe na Musoma hasa, tutalinganisha majina na majira ya kila mto, kisha tutayapeleka kwa watafiti wa uvuvi pale Nyegezi. Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, kama shule yako iko kando ya maji, anzeni na ukurasa mmoja.